Margaret Trowell: Mwalimu Aliyeanzisha Shule ya Sanaa Barazani Mulago

Msikilizaji wetu anayekaa Ggaba, karibu na mwalo na soko la samaki, akipanda teksi kwenda mjini na kushuka karibu na Ukumbi wa Taifa wa Maigizo, atakuta nyuma yake kijiji cha maduka ya kazi za mikono. Humo rafuni wamepangwa viboko, tembo, vifaru na twiga wa mawe ya sabuni. Wengi wa wanyama hao walichongwa ng'ambo ya mpaka, Tabaka, katika nchi ya Wakisii, ambako jiwe hilo huchimbwa kwa mkono. Fundi hulilowesha maji ili vumbi lisipae, hulipasua kwa panga, hulichonga kwa patasi na kisu, hulisugua kwa msasa hadi liwe laini, kisha hulipaka nta ling'ae.

Mnunuzi humsifu tembo, akalipa, akaenda zake. Ni nadra kuulizwa aliyemchonga ni nani. Yupo mtu aliyeufanyia kazi mwaka mzima baada ya mwaka ule usemi kwamba mikono ya Mwafrika hutengeneza vitu vizuri lakini haina jina wala fikra. Mtu huyo alikuwa mwanamke wa Kiingereza, Margaret Trowell, na alifanya kazi hiyo hapa Kampala kwa zaidi ya miaka 20. Jambo alilolipigania halijamalizika hadi leo, na yeye mwenyewe hakuwa na majibu yote.

Kutoka London hadi Ukambani

Alizaliwa London mwaka 1904. Alijifunza uchoraji katika shule ya sanaa ya Slade, kisha akasomea ualimu na kufundishwa na Marion Richardson, mwalimu aliyebadili namna watoto wa Uingereza walivyofundishwa kuchora. Hadi wakati huo, mtoto aliwekewa chungu au ua mezani akaambiwa anakili. Richardson alifanya kinyume. Aliwasimulia wanafunzi jambo, akawataka waione picha ndani ya akili zao kwanza, ndipo washike brashi. Trowell alilichukua somo hilo, na ndilo lililoamua njia yake yote ya baadaye.

Aliolewa na daktari, Hugh Trowell, na mwaka 1929 wakahamia Kenya, alikopelekwa mumewe na serikali ya kikoloni. Huko waliishi miongoni mwa Wakamba. Kwa mke kijana wa daktari, aliyesomea sanaa katika mji wenye majumba makubwa ya picha, Ukambani palikuwa darasa jipya. Aliwatazama wanawake wakisuka vyondo na wanaume wakichonga vigoda na kuvitia nakshi za nyaya, akatambua kwamba yuko mbele ya watu wenye jicho na kanuni zao.

Ukambani wakati huo palikuwa panabadilika. Inasimuliwa kwamba Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyechukuliwa kuhudumu katika Vita Kuu ya Kwanza, alikutana na wachongaji wa Kizaramo huko Tanganyika na kurudi nyumbani na ujuzi mpya. Kutoka kwake na kwa majirani zake ilikua biashara ya sanamu za mbao, za watu na za wanyama, zilizouzwa kwa wageni. Watu wa Tabaka nao walikuwa na jiwe lao, ambalo tangu zamani walilitumia kwa viko na bakuli. Baadaye lilifuata njia ile ile, na viboko na tembo wakazaliwa humo kwa ajili ya msafiri.

Darasa barazani

Mwaka 1935 familia ilihamia Kampala, na Daktari Trowell akaanza kazi Mulago. Mji wenyewe ulikuwa mdogo, na maji ya bomba kutoka Ggaba yalikuwa yameanza kuufikia miaka michache tu kabla yao. Jina la daktari huyo lingekuja kujulikana kwa uchunguzi wake wa kwashakoo, ugonjwa wa watoto wanaokosa chakula cha kujenga mwili. Mkewe naye hakukaa bure.

Mwaka 1937 alichapisha kitabu juu ya sanaa na kazi za mikono za Kiafrika na nafasi yake shuleni. Mwaka huo huo aliwakaribisha wanafunzi wachache nyumbani kwake Mulago wajifunze kuchora na kufinyanga. Hapakuwa na jengo, mtaala wala cheti. Palikuwa na baraza ya nyumba, karatasi, rangi, udongo na mwalimu mmoja. Baraza hiyo ndiyo mwanzo wa shule ya sanaa ya Makerere, iliyokuja kuwa chemchemi ya sanaa ya kisasa katika Afrika Mashariki nzima.

Aliwafundisha kwa kusimulia. Alieleza harusi, soko, safari ya usiku au kisa cha Biblia, kisha akanyamaza na kuwaacha wanafunzi waone. Hakutaka waige picha za Ulaya. Alitaka sokoni pawe soko la Buganda, na mlima uwe mlima alioujua mwanafunzi tangu utotoni. Mwaka 1939 kazi zao zilivuka bahari na kuonyeshwa London. Watu waliozoea kuona vitu vya Afrika kama masalio ya kale wakakutana na kazi za vijana waliokuwa hai, wenye majina.

Wanafunzi wa nchi zote

Makerere wakati huo ilikuwa chuo cha Afrika Mashariki yote, na darasa la Bi Trowell lilikuwa hivyo hivyo. Kutoka Mumias, magharibi mwa Kenya, alikuja Gregory Maloba, ambaye utotoni alishangazwa na sanamu ya Bikira Maria katika kanisa la misheni, akataka kujua mtu hufanyaje kitu kama kile. Kutoka Uchaggani, Tanganyika, alikuja Sam Ntiro, mchoraji wa migomba, mavuno na sherehe za kijijini. Wa nchi hiyo hiyo ya Wachagga, Elimo Njau, alifuata baadaye, na kutoka Kenya akaja Rosemary Karuga, msichana katika fani iliyodhaniwa kuwa ya wanaume.

Maloba aligeuka kutoka mwanafunzi hadi mwalimu, akawa mkono wa kulia wa Bi Trowell upande wa uchongaji. Mwaka 1962, Uganda ilipojiandaa kwa Uhuru, yeye ndiye aliyepewa kazi ya kutengeneza mnara wa kumbukumbu. Aliunda umbo refu la mama aliyezungushiwa kamba za vitambaa mwilini, akimwinua mtoto juu, na mtoto amenyoosha mikono. Ntiro aliuza mchoro wake mmoja kwa jumba la sanaa ya kisasa la New York, kisha akaiwakilisha Tanganyika jijini London. Njau alichora kuta za kanisa la kumbukumbu huko Murang'a, akamweka Kristo katika mandhari ya Kiafrika, na mwaka 1965 akashiriki kuanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi.

Mlinzi wa vitu vya wengine

Kufundisha hakukumtosha. Mwaka 1941 alikabidhiwa pia makumbusho ya Uganda, yaliyokuwa na mkusanyo mdogo wa vitu, na katika miaka hiyo ukahamishiwa Makerere, kabla ya jengo la sasa la Kitante kufunguliwa mwaka 1954. Pamoja na Klaus Wachsmann, mtaalamu wa muziki aliyeyaongoza makumbusho baada yake, alichapisha mwaka 1953 kitabu kikubwa juu ya kazi za mikono za makabila ya Uganda. Humo mtu anakuta jinsi gome la mti linavyopigwa hadi liwe nguo, jinsi kikapu kinavyoanzwa na jinsi chungu kinavyochomwa. Fundi wa leo anayetaka kujua bibi yake alifanyaje kazi bado anaweza kurejea kwenye kurasa hizo.

Lakini hapa ndipo ubishi unapoanzia. Bi Trowell alishikilia kwamba sanaa lazima iote katika maisha ya jamii: katika kanisa, nyumba, sherehe na vyombo vya kila siku. Kitu kilichotengenezwa kwa haraka ili kimpendeze mpita njia hakikuwa lengo la mafundisho yake. Hoja hiyo ina uzito. Mchongaji akiulizwa tembo kila siku, mwishowe mkono wake husahau maumbo mengine. Hata hivyo, mchongaji wa Wamunyu au wa Tabaka naye alikuwa na ada ya shule na bati la paa la kufikiria. Kwa familia yake, tembo huyo alikuwa chakula. Mwalimu mwenye mshahara na nyumba anaweza kuichukia biashara kwa wepesi kuliko yule anayeishi kwayo.

Wapo pia waliomlaumu kwa kuwazuilia wanafunzi sanaa ya ulimwengu, kana kwamba Mwafrika angepoteza asili yake kwa kuona picha za wengine. Alipostaafu mwaka 1958, nafasi yake ilichukuliwa na Cecil Todd, aliyefungua milango hiyo na kufundisha historia ya sanaa ya dunia. Baadhi ya wasomi husema Trowell aliwalinda wanafunzi wake mno. Wengine husema bila ulinzi huo wasingepata sauti yao wenyewe. Pande zote mbili zina ushahidi. Alikuwa mtu wa zama za ukoloni, akiamini kwamba yeye ndiye wa kuamua Uafrika wa kweli ni upi. Alikuwa pia mmoja wa wachache katika zama hizo walioamini kwamba Uafrika huo una thamani ya kutafutwa.

Jina lililobaki

Alirudi Uingereza, akaendelea kuandika, na akafariki mwaka 1985. Shule aliyoianzisha barazani inaitwa kwa jina lake, na jina hilo linabeba maneno mawili: sanaa za viwanda na sanaa za uzuri. Kwa Kiswahili tungesema kwa ufupi kwamba ni shule ya fundi na msanii. Lugha yetu haikuwahi kuwatenga sana wawili hao. Anayechonga mlango wa Lamu ni fundi, na hakuna anayedhani kwamba kwa kumwita hivyo tumempunguzia heshima.

Pengine hilo ndilo la kukumbuka mbele ya rafu ya wanyama wa mawe. Tembo wa Tabaka ana alama za patasi chini ya miguu yake, pale msasa haukufika, na alama hizo ni za mkono wa mtu mmoja. Kabla ya kurudi Ggaba, msikilizaji anaweza kutembea hatua chache hadi kwenye Mnara wa Uhuru na kumtazama mama yule akimwinua mtoto wake. Ulitengenezwa na kijana wa Mumias aliyeondoka kwao, akavuka mpaka, akakuta mlango wa darasa uko wazi. Wengi wetu tunaosema Kiswahili katika mji huu tulifika kwa njia kama hiyo.