Barnardo: Mlezi wa mayatima aliyeponzwa na picha

JINA la Thomas John Barnardo lingali linatajwa kwa heshima nchini Uingereza, zaidi ya karne moja tangu afariki. Hata hivyo, mtetezi huyo wa watoto maskini nusura aangushwe na picha alizoziuza kwa nia ya kuwasaidia.

Barnardo alizaliwa jijini Dublin, Ireland, mnamo Julai 4, 1845. Mwaka wa 1866 alihamia London kusomea udaktari, akinuia kwenda China kama mmishonari. Dhiki ya watoto waliolala nje mashariki mwa jiji hilo ilimbadilisha nia, na mnamo 1870 akafungua makao ya wavulana mtaani Stepney.

Alitambua mapema kwamba picha huenda ikafungua mifuko ya wahisani kuliko mahubiri. Mnamo 1874 alianzisha idara ya picha makaoni humo. Kadi ziliuzwa mbili mbili: ya kwanza ilimwonyesha mtoto akiwa na matambara, ya pili akiwa nadhifu kazini.

Kamera za enzi hizo zilimhitaji mtu atulie tuli, na hivyo ilikuwa vigumu kumnasa mtoto akiwa katika hekaheka zake mitaani. Kumpanga mbele ya kamera halikuwa kosa. Kosa lilikuwa kumbebesha ufukara ambao hakuja nao.

Mnamo 1877 wapinzani wake walimshutumu hadharani. Miongoni mwa madai yao ni kwamba watoto walichaniwa nguo ili waonekane wahitaji zaidi. Barnardo alijitetea kuwa picha hizo ziliwakilisha hali ya watoto wengi, wala si maisha ya mmoja.

Wasuluhishi walimwondolea tuhuma nyingi, lakini wakakemea udanganyifu wa picha hizo. Barnardo akaachana na kadi hizo, ingawa watoto waliendelea kupigwa picha za kumbukumbu walipopokelewa.

Alipoaga dunia mnamo Septemba 19, 1905, watoto wapatao 60,000 walikuwa wamesaidiwa na makao yake.

Leo simu ya mkononi humnasa mtoto akicheza bila hata kuambiwa asimame. Lakini anayeomba msaada kwa sura ya mtoto angali na mtihani ule ule. Umaskini wa watoto wa Stepney ulikuwa wa kweli. Haukuhitaji kuchaniwa nguo ndipo uaminike.