Bibi Salme: Mama Kati ya Dini Mbili

Katika mitaa ya Nairobi kama Donholm, ambako Mwislamu aliyetoka pwani huishi ukuta kwa ukuta na jirani Mkristo, kuna ubishi usiokwisha: dini ipi imemtukuza zaidi mwanamke na mama? Kila upande una hoja zake, na wote wawili humheshimu Bibi Mariamu, mama wa Nabii Isa. Lakini ni wachache walioonja pande zote mbili kama Sayyida Salme binti Said wa Unguja.

Alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni. Baba yake ni Sayyid Said bin Sultan. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkasi. Sayyid Said alipofariki mwaka 1856 aliacha watoto 36 walio hai, wote wa masuria. Humo jumbani wasichana walifundishwa kusoma Kurani, ila kuandika hapana. Salme aliiba elimu hiyo kwa kunakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Kalamu hiyo ilimponza: mwaka 1859 akawa karani wa njama za nduguye Barghash dhidi ya Sayyid Majid, na njama zikashindwa.

Baadaye akajuana na jirani yake wa Mji Mkongwe, Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg. Alipoona ana mimba yake, alijua hatari iliyomkabili. Agosti 1866 alitoroka kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden, akajifungua huko mtoto wa kiume. Mei 30, 1867 alibatizwa kwa jina la Emily na siku hiyo hiyo akafungishwa ndoa kanisani. Fikiri, msomaji: dini na ndoa kwa siku moja! Mwaka huo huo yule mtoto akafa.

Ndoa ya Kikristo ilimpa kitu ambacho mama yake hakukipata, yaani mume asiye na mke mwingine wala suria. Huko Hamburg alizaa watatu, Antonie, Said na Rosalie. Kisha, Agosti 1870, Heinrich akafa kwa ajali ya tramu ya farasi. Rosalie alikuwa na miezi minne tu.

Hapo ndipo Bibi Salme alipoujua upande wa pili. Sheria ya huko haikumwachia mjane peke yake usimamizi wa watoto wake. Ilitaka wasimamizi wanaume. Mali ikapukutika mikononi mwa watu wengine. Yeye alikuwa amekulia mahali ambapo mwanamke, hata akiolewa, mali yake ni yake mwenyewe. Wakristo watasema hiyo ni sheria ya Wajerumani, si Injili. Ni kweli. Basi nasi tukubali kwamba kumnyima binti kalamu kule Mtoni ilikuwa ada ya watu, si Kurani.

Akalea watoto wake kwa kufundisha Kiarabu, akihama mji hadi mji. Kurudi kwao kungemrahisishia maisha, lakini watoto walikuwa wamebatizwa na ni Wajerumani. Kuwachukua ni kuwang'oa, kuwaacha hakuweza. Akabaki, ingawa mwenyewe alikiri kwamba alitoka kwao Mwislamu mwema akawa Mkristo mbaya.

Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Humo aliwatetea wanawake wa Mashariki mbele ya Wazungu waliodhani kila mke wa Kiislamu ni mfungwa, akawaambia kwamba hata kwao ndoa nyingi hazina raha. Wala hakuficha uchungu wa wivu katika nyumba yenye wake wengi. Kwa maoni yangu, ukweli wa kitabu chake uko hapo, kwa kuwa haupendezi upande wowote.

Alirudi Unguja mwaka 1885 pamoja na watoto wake na meli za Wajerumani, kisha tena mwaka 1888, akidai urithi. Sayyid Barghash, yule yule aliyemwandikia barua za njama, alikataa kumwona. Aliyeritadi, kwa sheria, harithi. Wajerumani nao, walipokwisha kupata walichotaka, hawakumjali tena.

Aliishi miaka mingi Beirut, akafariki Jena Februari 29, 1924, akazikwa Hamburg kando ya mumewe. Katika vitu vyake ulikutwa mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja.