Daktari Dutton na Papasi

Leo nawaletea habari za Joseph Everett Dutton, daktari ambaye kijidudu kilichomuua ndicho kinachoitwa kwa jina lake hadi leo.

Dutton alizaliwa Uingereza mwaka wa 1874, akasomea udaktari huko Liverpool. Mwaka wa 1901 alikwenda Gambia, akatambua vijidudu vya malale katika damu ya mgonjwa. Hapo hajatimiza hata miaka 30!

Mwaka wa 1903 alitumwa Kongo pamoja na mwenzake John Todd, wachunguze hiyo hiyo malale. Kumbe kulikuwa na homa nyingine. Hii humshika mtu siku chache, ikamwacha akidhani amepona, halafu ikamrudia tena na tena. Ilishukiwa kuwa inaletwa na papasi.

Papasi si kama yule kupe wa ng'ombe anayeng'ang'ania mwilini siku nyingi. Yeye hujificha kwenye nyufa za sakafu ya udongo, hutoka usiku, hunyonya damu haraka haraka na kurudi zake kabla hujaamka. Basi Dutton na Todd waliwakusanya papasi, wakawaacha wawaume tumbili. Tumbili wakashikwa na homa. La ajabu zaidi, hata papasi wachanga, walioanguliwa kutoka mayai ya mama mwenye vijidudu, waliambukiza.

Huko Uganda, Ross na Milne walikuwa wamegundua jambo la papasi mwaka huo huo wa 1904, na habari zao zikatangulia. Mimi sioni kama hilo linampunguzia Dutton chochote.

Katika kazi hiyo wote wawili waliambukizwa. Todd alipona. Dutton alizidiwa, akafa Kasongo tarehe 27 Februari 1905, akiwa na miaka 30 tu. Bakteria hiyo baadaye ikaitwa Borrelia duttonii. Siku hizi ugonjwa wenyewe hutibiwa kwa antibayotiki.

Kwa miaka mingi wataalamu walidhani kijidudu hiki hukaa kwa binadamu na papasi peke yao. Lakini uchunguzi wa Tanzania uliochapishwa mwaka wa 2007 ulikuta dalili zake katika damu ya kuku na nguruwe wa kufugwa. Nilipomsimulia nyanya haya, ambaye kuku wake hulala jikoni, alinyamaza kidogo, kisha akachukua tochi akaenda kumulika nyufa.