Maisha ya Ibn al-Haytham, Mwanachuoni wa Nuru na Jicho

Abu Ali al-Hasan ibn al-Haytham alizaliwa Basra mwaka 354 H. (965). Wapokezi wasimulia kuwa al-Hakim, mtawala wa Misri, alimwita ayadhibiti maji ya mto Nile. Alipoona hawezi, akachelea ukali wake, akajitia wazimu, akafungiwa nyumbani hata mwaka 411 H. (1021).

Wengi katika wanafalsafa wa kale walidai kuwa jicho ndilo litoalo miali. Yeye hakuwafuata kwa taqlidi. Katika Kitab al-Manazir alithibitisha kwa majaribio kuwa nuru ndiyo iingiayo jichoni. Alifariki Misri kiasi cha mwaka 430 H. (1040), Mwenyezi Mungu amrehemu.

Juu ya msingi huo wengine wamejenga. Mwaka 1808 Malus, Mfaransa, aligundua kuwa nuru ikirudishwa na kioo huweza kubadilika sifa, mitetemo yake ikaelekea upande mmoja. Nuru ya namna hiyo ikipitishwa jichoni humjulisha tabibu unene wa nyuzi za mshipa wa kuonea. Zikikonda ni dalili ya glakoma, maradhi ambayo mara nyingi hupofua polepole pasipo maumivu. Na kilichopotea hakirudi.

Basi mkazi wa Kahe, chini ya Kilimanjaro, asingoje giza ndipo apande Moshi, kwenye hospitali ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971, akatazamwe macho.