Larry Fleisher: Wakili aliyewapatia wachezaji wa kikapu uhuru, kisha akakubali kikomo cha mishahara

Katika miaka ya karibuni, saa kumi na mbili jioni ya Juni 30 kwa saa za New York, timu za ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, NBA, huruhusiwa kuanza mazungumzo na wachezaji wa timu nyingine waliomaliza mikataba yao. Mjini Bujumbura wakati huo ni saa sita kamili ya usiku. Mashabiki wanaokesha na simu zao huwa na maswali yale yale: nani anahama, anakwenda wapi, na timu inayomtaka itapata wapi nafasi chini ya kikomo cha mishahara. Mambo hayo mawili, uhuru wa kuhama na kikomo kinachoubana uhuru huo, yalipitia mikononi mwa mtu mmoja: wakili Larry Fleisher, aliyefariki dunia Mei 4, 1989.

Usiku wa Boston

Fleisher alizaliwa mwaka 1930. Alisoma katika Chuo Kikuu cha New York, kisha akahitimu sheria Harvard. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Tommy Heinsohn, mchezaji wa Boston Celtics aliyekuwa akiongoza chama cha wachezaji wa NBA, alimwomba awe mwanasheria wa chama hicho. Chama kilikuwa kimeundwa mwaka 1954, lakini wamiliki wa timu walikuwa hawajakitambua ipasavyo. Wachezaji hawakuwa na pensheni, na aliyeumia au kuzeeka aliondoka mikono mitupu.

Januari 14, 1964, nyota wa ligi walikusanyika Boston kwa mechi yao ya kila mwaka, ambayo ingeoneshwa moja kwa moja kwenye televisheni. Wakiwa na Fleisher na viongozi wao, walikataa kutoka katika chumba cha kubadilishia nguo mpaka waahidiwe pensheni. Mmiliki wa Los Angeles Lakers alituma ujumbe wa kuwaonya nyota wake, Elgin Baylor na Jerry West, lakini hawakutikisika. Muda wa matangazo ulipokaribia, rais wa ligi, Walter Kennedy, alitoa ahadi yake, na ndipo mchezo ukachezwa. Tangu usiku huo wamiliki walijua kwamba wana mtu wa kuzungumza naye.

Kesi ya Robertson

Mwaka 1965 uongozi wa chama ulipita kwa Oscar Robertson, nyota wa Cincinnati. Yeye na Fleisher waliligeukia suala zito zaidi. Wakati huo mkataba wa mchezaji ulipokwisha, timu yake iliendelea kummiliki. Angeweza kuuzwa au kubadilishwa na mwingine, lakini hakuweza kuondoka kwa hiari yake kwenda kwenye malipo bora.

Mlango ulifunguka kidogo mwaka 1967, ilipoanzishwa ligi ya pili, ABA. Ligi mbili zilipogombea wachezaji wale wale, mishahara ilipanda. Wamiliki wakaona dawa ni kuziunganisha. Mwaka 1970 wachezaji 14, wakiongozwa na Robertson, walifungua kesi wakidai kwamba muungano huo na masharti ya kumfunga mchezaji kwa timu moja vinakiuka sheria za Marekani za ushindani wa kibiashara. Muungano ulisimamishwa kwa miaka kadhaa.

Suluhu ilipatikana mwaka 1976. Timu nne za ABA ziliingia NBA, na wachezaji wakapata njia ya kuhama mikataba yao inapomalizika. Njia hiyo ilikuwa bado na vizuizi. Kwanza timu iliyoachwa ililipwa fidia. Baadaye, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilibaki na haki ya kumzuia mchezaji kwa kumlipa kiasi kile kile alichoahidiwa kwingine.

Bei ya uhuru

Uhuru ulipandisha mishahara, na kufikia mwaka 1983 timu kadhaa zilidai kwamba zinaelekea kufilisika. Wamiliki walitaka kikomo. Chama kilitishia kugoma, na makubaliano yakafikiwa Machi 31, 1983, siku chache kabla ya mgomo. Fleisher alikubali kikomo, lakini alidai kitu mkononi: wachezaji walihakikishiwa asilimia 53 ya mapato ya ligi. Msimu wa 1984-85, kikomo kilikuwa dola milioni 3.6 kwa kila timu.

Hapo ndipo ulipozaliwa ufundi wa mahesabu unaowaumiza vichwa viongozi wa timu hadi leo. Timu iliyojaza kikomo iliruhusiwa kukivuka ili kumbakiza mchezaji wake yenyewe, kanuni ambayo baadaye ilipewa jina la Larry Bird wa Boston Celtics. Ili kumpata mgeni, ilibidi iache mkataba fulani uishe, ibadilishane wachezaji wenye mishahara inayokaribiana, au itoe mshahara mdogo kabisa.

Wapo walioumia. Mwaka 1984 Leon Wood alichaguliwa na Philadelphia 76ers, timu iliyokuwa imevuka kikomo. Iliweza kumpa mkataba wa mwaka mmoja tu, wa dola 75,000. Alikwenda mahakamani na akashindwa, kwa sababu kikomo kilikuwa kimekubaliwa na chama kilichomwakilisha. Kijana huyo alifungwa na saini iliyowekwa kabla hajaingia ligi.

Fleisher mwenyewe hakukiona kikomo kuwa neno la mwisho. Makubaliano ya 1983 yalipomalizika mwaka 1987, chama chake kilirudi mahakamani kukipinga. Suluhu ya 1988 ilikiacha kikomo mahali pake, lakini mchezaji aliyetumikia miaka saba na kumaliza mikataba miwili alipata uhuru kamili, bila timu yake kuwa na haki ya kumzuia. Tom Chambers alikuwa wa kwanza kuutumia, akihama kutoka Seattle kwenda Phoenix mwaka huohuo.

Urithi wake

Mwaka huo Fleisher aliacha kazi ya chama. Miezi michache baadaye moyo wake ulisimama ghafla, akiwa na umri wa miaka 58. Jina lake liliingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa mpira wa kikapu mwaka 1991.

Kikomo alichokikubali kimefika dola milioni 154.6 msimu wa 2025-26, zaidi ya mara 40 ya kile cha kwanza. Kimekua kwa sababu kilifungwa kwenye mapato tangu mwanzo: ligi inapotajirika, wachezaji hupata fungu lao.

NBA sasa inaendesha pia ligi ya Afrika, BAL, kwa ushirikiano na FIBA. Machi 2024, Dynamo ya Bujumbura ilishinda mechi yake ya kwanza ya ligi hiyo mjini Pretoria, kisha ikaondolewa baada ya kukataa kuvaa jezi zenye tangazo la utalii la Rwanda. Mzozo ulikuwa wa mataifa mawili, lakini waliopoteza mechi ni wachezaji. Swali la nani anasema kwa niaba ya mchezaji, ambalo Fleisher alilibeba hadi chumba cha kubadilishia nguo cha Boston, bado lina uzito ukingoni mwa Ziwa Tanganyika.