Jaramogi Odinga na masharti ya kura

JINA la Jaramogi Oginga Odinga halikosi kutajwa kila mjadala wa kanuni za uchaguzi unapozuka nchini. Kwa karibu miaka 40, mwanasiasa huyo alipambana na wapinzani wake na vilevile na masharti yaliyoamua nani apige kura na nani aruhusiwe kuwania.

Alizaliwa mwaka wa 1911 huko Bondo, karibu na Ziwa Victoria. Alisoma Maseno, Alliance na Makerere, akawa mwalimu, kisha akageukia biashara kupitia kampuni ya Luo Thrift and Trading Corporation, iliyokusanya akiba za wananchi wa Nyanza.

Machi 1957, Waafrika waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wao 8 katika Baraza la Kutunga Sheria. Hata hivyo, kura hazikuwa sawa. Mwenye elimu, mali au utumishi wa muda mrefu aliweza kupata hadi kura 3, ilhali asiyetimiza sharti lolote hakupata hata moja. Wakikuyu, Waembu na Wameru walidaiwa kwanza cheti cha uaminifu kwa serikali. Wakati huo huo, kusini mwa Marekani, watu weusi walizuiwa kwa mitihani ya kusoma na kuandika, hadi sheria ya mwaka wa 1965 ilipoanza kuuvunja mtindo huo.

Jaramogi alimshinda Bw B. A. Ohanga, aliyekuwa waziri. Yeye na wenzake 7 walikataa vyeo serikalini wakidai uwakilishi wa haki. Kufikia uchaguzi wa Mei 1963, kila mtu mzima alikuwa na kura moja.

Mwaka wa 1964 akawa Makamu wa Rais. Haki inadai isemwe kwamba alikuwa ndani ya serikali hiyo mamlaka ya rais yalipoimarishwa. Muda si muda, nguvu hizo zikamgeukia.

Alipojiuzulu Aprili 1966 na kuongoza chama cha KPU, Katiba ilibadilishwa haraka ili wabunge waliohama chama warudi kwa wapiga kura. Yeye alikihifadhi kiti cha Bondo. Katika uchaguzi wa mabaraza wa 1968, makaratasi ya wagombea wa KPU yalikataliwa kwa madai kwamba hayakujazwa sawasawa, na wale wa KANU wakapita bila kupingwa.

Oktoba 1969, baada ya raia kupigwa risasi mjini Kisumu wakati wa ufunguzi wa hospitali, KPU ilipigwa marufuku na Jaramogi akazuiliwa hadi 1971. Baadaye KANU ilimnyima idhini ya kuwania katika chaguzi za 1974 na 1979, na pia alipotaka kurudi Bondo mwaka wa 1981. Mwaka uliofuata, sheria ikaifanya KANU chama cha pekee.

Kupitia FORD, aliongoza harakati zilizoleta vyama vingi Desemba 1991. Mwaka wa 1992, akiwa na umri wa miaka 81, aliwania urais na kuibuka wa nne, ila Bondo ilimrejesha Bungeni. Alifariki Kisumu Januari 20, 1994.

Katiba ya 2010 inampa kila mtu mzima haki ya kujiandikisha, kupiga kura na kuwania, hata bila chama. Kwa Jaramogi, aliyefungiwa mlango na chama kwa miaka mingi, kifungu hicho kilichelewa. Anayetaka kulinda kura asisubiri siku ya kuhesabu. Aanze kwa kusoma masharti.