KIJANA, UNA AKILI. JE, UNAJUA KUINAMA?

Kijana wa Munanila, tusidanganyane. Unajijua una akili. Pengine umemaliza shule, na sasa ukishika jembe unaona aibu, eti kulima ni kwa washamba! Kanisani nako unasema ni mambo ya kina mama. Haya, tulia kidogo nikusimulie habari za mtu mmoja.

Kule Buganda, katika miaka ya 1860, alizaliwa pacha akaitwa Waswa. Akakua, akashika bunduki katika vita vya nchi yake. Akajua kusoma, wakati ambapo wasomi walikuwa wachache mno. Kisha akampokea Yesu, akabatizwa mwaka 1895 kwa jina la Apolo. Watu wakamwita Kivebulaya, yaani kitu kilichotoka Ulaya, kwa ajili ya koti jekundu alilovaa. Unaona? Msomi, tena mtanashati. Kama wewe tu!

Mwaka 1896 akatumwa Boga, ng'ambo ya mto Semliki, mahali ambapo leo ni Kongo. Walimu wawili waliomtangulia walikuwa wameshindwa, wakaondoka kwa njaa. Mbona? Kwa Waganda wa siku zile kulima ilikuwa kazi ya wanawake, na Tabaro, mtawala wa Boga, hakutaka kuwalisha watu wa bure. Apolo akafanya nini? Akajitafutia jembe! Akainama, akalima, akala jasho lake, na huku akifundisha watu kusoma na kumjua Mungu. Hiyo ndiyo akili, ndugu yangu. Kiburi kingemrudisha kwao mapema.

Unadhani mambo yalikuwa laini? Thubutu! Alipigwa. Dada yake Tabaro alipokufa kwa ajali ya mkuki, lawama zikamwangukia Apolo, akafungwa gerezani. Mle ndani, kama alivyoshuhudia baadaye, Yesu alimtokea akamtia nguvu. Alipofunguliwa akarudi kule kule Boga, wala hakulipiza kisasi. Na Tabaro? Akatubu, akabatizwa!

Apolo akawekwa kuwa kasisi mwaka 1903, na mwaka 1922 akapewa cheo cha kanoni. Je, alikaa kitini akingoja kusalimiwa? Hapana. Aliingia msituni kwa Wambuti, watu waliodharauliwa na majirani zao, akajifunza lugha yao, na Injili ya Marko ikaanza kusomwa katika lugha hiyo.

Alifariki Boga tarehe 30 Mei 1933. Alikuwa ameagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, msituni, ambako kazi ilikuwa haijaisha.

Sasa wewe je? Akili uliyo nayo inamtumikia nani? Kesho asubuhi mama atakuita shambani. Jirani uliyegombana naye utakutana naye sokoni. Hapo ndipo imani inapoonekana, si jukwaani tu. Lakini kuinama kwa nguvu zako hutaweza. Apolo hakuweza mpaka Yesu alipoubadilisha moyo wake.

Usingoje kesho. Hapo ulipo, omba hivi kwa moyo wako wote:

Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi, tena nina kiburi. Nisamehe. Ingia moyoni mwangu. Akili yangu, mikono yangu na siku zangu zote nakupa wewe. Amina.

Umeomba? Basi umwambie mtu leo hii. Tafuta Biblia, anza na Marko sura ya 10. Na kesho, shika jembe ukiimba!